Maji ya Mombasa Yanatoka Ndani ya Mlima

Mkokoteni wa maji ulipopita mtaani, kitinda mimba wangu aliniuliza, "Baba, yale ya bomba hutoka wapi?" Nikamjibu, "Mzima." Akasema, "Mzima ni wapi?" Hapo nikakwama.

Likizo ya Agosti tukapakia magodoro, jiko la gesi na bibi yao ndani ya matatu kuukuu niliyoing'oa viti nikaitia vitanda. Tukashika njia ya Voi hadi Taveta.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ziwa Chala, mpakani na Tanzania. Ziwa hili limo ndani ya shimo la volkeno. Watoto walitafuta mto unaoliingia, wasiuone. Mvua hunyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro, maji yakazama, yakapita miambani na kuibukia ziwani. Ziwa Jipe lililo kusini ni tofauti: lategemea mto Lumi, na udongo unaoletwa na mto huo hulijaza tope, matete yakatanda.

Kutoka hapo tuliingia Tsavo Magharibi. Tukiwa na askari wa mbuga tulishuka katika pango la Shetani, kwenye uwanda wa mawe meusi ambayo zamani yalikuwa moto wa kuyeyuka. Mawe hayo yalipokuwa yakitiririka, juu yaliganda mwanzo, huku ya ndani yakiendelea kwenda zake. Yalipomalizika, likabaki pango refu kama bomba. Tukawasha tochi, na bibi akagusa ukuta. Jiwe lina matundu kama mkate wa mofa.

Matundu hayo ndiyo jibu la mtoto. Vilima vya Chyulu, hapo karibu, havina mito. Mvua ikinyesha, jiwe huinywa. Maji husafiri chini kwa chini, yakichujika njiani, mpaka yanapobubujika Mzima, meupe hata unawaona samaki na viboko ndani yake. Kutoka Mzima ndiko linakoanzia bomba lililolazwa miaka ya 1950 kuja Mombasa.

Bibi, aliyeyanywa tangu usichana wake, alitazama akasema neno moja tu: "Kumbe!"

Wapwani wenzangu, tumezoea kuilaumu mifereji ikikauka, na lawama nyingine ni za haki. Lakini misitu ya Chyulu ikichomwa au kukatwa kwa makaa, ardhi hubaki wazi, na mvua hukimbia juu badala ya kuzama. Gunia la makaa linalotoka kule ni maji yetu pia.

Ukiweza, wapeleke wanao. Beba tochi na viatu vya kufunika vidole, maana lava hukata kama wembe, na usiingie pangoni bila askari.

Siku hizi kitinda mimba wangu hufunga mfereji bila kuambiwa. "Yametoka mbali haya, baba," ananikumbusha.