Pampu za Kwale na Msimamizi Aliyewahi Kushika Spana

Mradi wa maji ukikabidhiwa, msimamizi wake hupimwa kwa mambo matatu: muda, gharama na ubora wa kazi. Kama kisima kitakuwa kinatoa maji miaka kumi baadaye, hilo kwa kawaida hubaki kwake mwenyewe kuliuliza, na huuliza kulingana na kazi alizopitia.

Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ni mfano mzuri. Mwaka 1983 Benki ya Dunia na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walianza kujaribu pampu za mkono huko. Mwanzoni ilikuwa kazi ya wahandisi, na walichotaka kujua ni pampu ipi itahimili matumizi ya kijiji kizima. Wanakijiji hawakupewa nafasi kubwa, kwa hiyo visima vikahesabika kuwa mali ya mradi. Baadaye likaletwa shirika la KWAHO, lenye watu waliozoea kukaa na wananchi wakapanga nao mambo. Zikaundwa kamati za maji, akaunti za benki zikafunguliwa, na wanawake wakafundishwa kutengeneza pampu.

Uhandisi wenyewe nao ulielekea huko huko. Pampu ya Afridev, iliyokomazwa kwa majaribio ya Malawi na Kenya, imeundwa kwa kumfikiria fundi wa kijijini. Kwa spana moja unafungua kichwa cha pampu, unavuta fimbo pamoja na pistoni, na bomba refu linabaki kisimani. Bushi zake ni za plastiki, unazipachika kwa mkono. Kwa pampu nyingi za zamani, kubadilisha sili iliyochakaa kulihitaji kung'oa mabomba yote, yaani kusubiri gari na mafundi kutoka mjini, huku akina mama wakirudi kwenye madimbwi.

Sisemi wahandisi wawekwe kando. Ukanda ule karibu na bahari una maji ya chumvi chini ya ardhi, na afisa maendeleo ya jamii asiyejua hilo anaweza kuridhia kisima kichimbwe mahali wanakijiji wanapopapenda, kisha maji yake yasinyweke. Ninayemtaka ni mhandisi aliyewahi kufanya matengenezo. Aliyehangaika kutafuta vipuri huuliza mapema, kabla ya kuchora, vipuri vitauzwa duka gani na fedha atazitunza nani. Aliyejenga tu na kuondoka hana sababu ya kuwaza hayo.

Matangazo ya kazi hizi huomba shahada na miaka ya uzoefu. Ningeongeza sharti moja: mwombaji ataje miradi aliyoikabidhi miaka mitano iliyopita, na mwajiri atume mtu akaitazame kabla ya kusaini mkataba. Aende kiangazi, kwa sababu wakati wa masika watu hukinga maji ya mvua, na kisima kilichokufa hakiulizwi na mtu.