Milki ya Pikipiki na Gharama ya Bima katika Tarime na Serengeti

Aghalabu mtu wa Tarime au wa Mugumu, wilayani Serengeti, anunuapo pikipiki, iwe Boxer mpya itokayo dukani au TVS iliyokwisha pita mikononi mwa watu watatu, hulipa bima kwa kuwa askari wa usalama barabarani ataidai stika, wala si kwa kuwa amekwisha pima hasara anayotaka kujikinga nayo. Na siku chombo kinapoibwa, huenda kwa wakala akitumaini kwamba fedha zake zitarudi, ndipo aambiwapo kuwa bima aliyokata haihusiki na wizi hata kidogo. Ni msiba mzito, kwa sababu kwa wengi wao pikipiki hiyo ndiyo mali iliyo kubwa kuliko zote walizo nazo.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ilianzia zama za Waingereza, ambao kwao bima ya namna hii ilikwisha kuwa faradhi kwa sheria yao ya barabara ya mwaka 1930, na muradi wake ulikuwa kumhifadhi mpita njia, ili agongwaye apate fidia hata kama mwenye chombo ni fukara asiye na cha kulipa. Hiyo ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Mali ya mwenye chombo mwenyewe haimo ndani yake. Atakaye kulindwa dhidi ya wizi sharti akate bima iliyo pana zaidi, kama ile iitwayo bima kubwa, ambayo hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya chombo. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: pikipiki ya shilingi 3,000,000, ikitozwa asilimia 5, italipiwa 150,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 itaongeza 27,000, jumla 177,000 kwa mwaka, yaani yapata shilingi 485 kwa siku. Kwa siku si kitu kikubwa. Lakini kampuni hutaka fedha zake mwanzoni, na bodaboda hupata riziki yake kwa siku.

Tena si kila kampuni itakayokubali. Pikipiki ya biashara huogopwa na wenye bima, na mahali penyewe huizidisha hofu hiyo, kwa maana Sirari upande wa Tanzania na Isebania upande wa Kenya ni miji miwili iliyopakana, yenye kituo rasmi cha forodha na njia za panya zisizo na idadi kandokando yake. Na pikipiki iliyoibwa Mugumu, ikivuka Mto Mara usiku, huwa imekwisha toka katika mkoa wa polisi wa Mara na kuingia mkoa wa kipolisi wa Tarime/Rorya kabla mwenyewe hajaamka, na kutoka hapo mpaka hauko mbali. Isipovushwa, huchanguliwa na kuuzwa vipuri. Ng'ombe aliyeibwa huacha nyayo, na wazee wa Kikurya tangu kale walijua kuzifuata. Tena mwenyewe humtambua kwa rangi, kwa pembe na kwa chapa. Lakini Boxer nyekundu hufanana na Boxer nyekundu nyingine zote, na ithibati yake ni tarakimu zilizochongwa kwenye chesisi na kwenye injini, ambazo hazimnufaishi mtu yeyote ila kama zimeandikwa katika kadi ya usajili yenye jina lake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nashikilia kwamba udhaifu mkubwa wa mwenye pikipiki katika wilaya hizi mbili hauanzii katika bei ya bima, bali katika kadi. Mtu hununua chombo, akapewa kadi yenye jina la muuzaji na karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akaona imetosha, akaahirisha kwenda Mamlaka ya Mapato kwa kuhofia ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Kisha akamwuzia wa pili, naye akamwuzia wa tatu. Bima haimlipi ila yule awezaye kuthibitisha kwamba hasara ni yake. Huyo wa tatu, ijapokuwa amelipa mpaka senti ya mwisho, atasimama mbele ya kampuni kama mgeni wa mali yake mwenyewe, na polisi nao watamwuliza swali lile lile.

Mkataba wa bodaboda una ugumu wake. Kijana hupewa pikipiki na tajiri, akapeleka hesabu kila siku au kila juma mpaka chombo kiwe chake, na muda wote huo kadi hubaki kwa jina la tajiri. Pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi wa mkataba, fidia yoyote itakwenda kwa tajiri, ilhali kijana aliyekwisha lipa sehemu kubwa ya bei hana haki yoyote, ila ikiwa mkataba ulieleza kwa maandishi jinsi fidia itakavyogawanywa. Mikataba mingi haielezi neno hilo, nami naona ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Naye tajiri asidhani kwamba amesalimika. Kijana akitoweka na pikipiki aliyokabidhiwa, mbele ya kampuni huenda isihesabiwe kuwa ni wizi bali ni hiyana, kwa kuwa hati nyingi za bima huitoa kando hasara itokanayo na mtu aliyepewa chombo kwa amana. Na hilo ni tofauti na mtu kuporwa kwa panga njiani, ambako ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 287A, huuadhibu kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Kadhalika chombo kilichoandikishwa kuwa cha matumizi binafsi, kisha kikakutwa kinabeba abiria kwa nauli kati ya Nyamongo na Tarime mjini, kimevunja tamko la mwenyewe, na dai lake laweza kukataliwa kwa hilo peke yake. Na avukaye kwenda Isebania ajue kwamba Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ijapokuwa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, hulipia madhara afanyiwayo mwingine, wala hailipi pikipiki iliyoibwa.

Tangu mwaka 1967 hata sheria ya 1996, Shirika la Bima la Taifa ndilo lililokuwa peke yake katika kazi ya bima Tanzania Bara. Leo makampuni ni mengi, na mnunuzi ana haki ya kuuliza bei kwa zaidi ya moja, na kuihakiki stika yake katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Pikipiki ikiibwa, atoe taarifa polisi hima, apewe namba ya RB, aiarifu kampuni kwa maandishi, na ahifadhi nakala ya kila karatasi. Dai likikataliwa bila sababu ya haki, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hulisikiliza bila kutoza ada.