Statini Haziachwi Lehemu Inaposhuka

Baadhi ya wagonjwa walionusurika mshtuko wa moyo huacha kutumia statini mara kipimo cha damu kinapoonyesha kuwa lehemu imeshuka. Uamuzi huo ni wa hatari: lehemu imeshushwa na dawa, na dawa ikiachwa hupanda tena. Statini hupunguza utengenezaji wa lehemu kwenye ini, na pia huimarisha mabaka ya mafuta yaliyojijenga katika kuta za mishipa ya moyo, yasipasuke na kugandisha damu. Utafiti wa Skandinavia wa mwaka 1994, uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha kuwa simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Mgonjwa anayepata maumivu ya misuli asiache dawa mwenyewe. Amweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadili aina ya statini.