Kwa nini mvinyo wa Italia hufika Magongo lakini mnazi wa Kaloleni hauvuki bahari

CHUPA ya mvinyo mwekundu kutoka Toscana, nchini Italia, husafiri majuma kadhaa baharini kabla ya kushushwa katika bandari ya Kilindini. Mtungi wa mnazi unaotoka Kaloleni au Rabai hupitia Mazeras na Miritini na kufika katika mangwe, yaani vilabu vya mnazi, vya Magongo na viunga vingine vya Changamwe siku hiyo hiyo. Hata hivyo, ni ule wa karibu unaoharibika kwanza.

Sababu yake si utamu wala hadhi ya kinywaji. Vinywaji hivi viwili hutofautiana katika namna vinavyochacha, vinavyohifadhiwa na vinavyolindwa na sheria. Kwa mgema anayetegemea mti wake kulipa karo ya watoto, hayo ndiyo yanayoamua iwapo atapanga bei yeye mwenyewe au atapangiwa na mchuuzi kabla jua halijatua.

KUGEMA NA KUCHACHA

Mnazi, ambao kwa jina la zamani huitwa tembo, ni utomvu unaotoka kwenye shina la maua ya mti wa mnazi kabla maua hayo hayajachanua kutoka katika karara lake. Mgema hulifunga shina hilo kwa kamba, akaikata ncha yake kwa kotama, kisha akakinga utomvu kwa kibuyu au chombo kingine. Hupanda mara mbili au tatu kwa siku akikanyaga vidato vilivyochongwa mtini, na kila mara huondoa ubale mwembamba ili mkondo usizibe.

Shina la maua linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mwenye shamba hulazimika kuchagua. Nazi huchukua takriban mwaka mmoja kukomaa, ilhali mnazi humpa fedha kila siku. Ndiyo maana familia nyingi za Kilifi na Kwale haziwezi kuacha kugema hata bei ya nazi inapopanda.

Utomvu unapotoka mtini huwa mtamu, kwa maana una sukari nyingi na hauna kileo. Lakini hamira za asili zilizomo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo. Baada ya saa chache tu kileo huwa kimefika asilimia nne hivi. Kufikia siku ya pili mnazi huwa mkali, kisha bakteria wanaogeuza kileo kuwa asidi huushika, na mwishowe huwa siki.

Mgema hana namna ya kuusimamisha mwendo huo. Joto la Pwani huuharakisha, na mtungi uliofungwa kabisa unaweza kufutuka au kupasuka kwa sababu ya gesi inayotolewa na hamira.

ZABIBU HUNGOJA

Mvinyo mwekundu nao huanza kwa hamira na sukari. Tofauti ya kwanza ni kwamba zabibu zilizoiva vizuri zina sukari nyingi kuliko utomvu wa mnazi, kwa hiyo mvinyo hufikia kileo cha asilimia 12 hadi 14. Kiwango hicho, pamoja na uchachu wa asili wa zabibu, huwazuia vijidudu wengi waharibifu.

Tofauti ya pili ni maganda. Mvinyo mwekundu huchachishwa pamoja na maganda ya zabibu, ambayo hutoa rangi na ule ukakasi unaokaza ulimi. Ukakasi huo husaidia kuukinga mvinyo usiharibiwe na hewa. Kisha mtengenezaji huongeza kiasi kidogo cha dawa ya salfa, akaufunga katika mapipa na chupa zisizopitisha hewa.

Hata hivyo, Wazungu hawakuzaliwa na ujuzi huo. Katika miaka ya 1860 mvinyo wa Ufaransa ulikuwa ukiharibika njiani kiasi cha kuitia hasara biashara ya nchi. Mtawala wa wakati huo, Napoleon wa Tatu, alimwomba mwanasayansi Louis Pasteur achunguze tatizo hilo. Pasteur alionyesha kwamba uharibifu huo ulisababishwa na vijidudu, na kwamba kuupasha mvinyo joto bila kuuchemsha kungewaua. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo kuhifadhi maziwa, na imepewa jina lake.

JINA LA MAHALI

Uhifadhi peke yake hautoshi. Mnunuzi wa mbali hununua jina, na nchini Italia jina la mahali ni mali inayolindwa. Mnamo 1716 Cosimo wa Tatu, mtawala wa Toscana, alitangaza mipaka ya eneo ambalo mvinyo wake ungeweza kuitwa Chianti. Mnamo 1963 Italia ilitunga sheria ya taifa zima kuhusu majina ya asili ya mvinyo.

Chini ya utaratibu huo, mvinyo wa Chianti ni lazima uwe na angalau asilimia 70 ya zabibu za aina ya Sangiovese, zilizolimwa ndani ya mipaka iliyowekwa. Mvinyo wa Brunello di Montalcino hutengenezwa kwa Sangiovese pekee, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno.

Faida yake huonekana zaidi kwa kiwanda kichanga. Kijana anayefungua kiwanda leo katika eneo hilo hana jina lake mwenyewe sokoni. Lakini akifuata masharti, chupa yake ya kwanza hubeba jina ambalo limejengwa kwa karne tatu. Na jirani akitaka kuchanganya maji au zabibu za kwingineko, wakaguzi humzuia, kwa sababu udanganyifu wa mmoja huwaharibia wote.

Waswahili walilijua jambo hilo zamani waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tatizo ni kwamba mnywaji wa Magongo, akikuta mnazi uliotiwa maji na sukari, hana njia ya kujua umetoka shamba gani wala ni nani wa kuulizwa.

FUNZO LA DODOMA

Afrika Mashariki haikosi mfano wake wa karibu. Zabibu zilipelekwa Dodoma, katikati ya Tanzania, na wamisionari Wakatoliki, na eneo la Bihawana linakumbukwa kuwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo. Ukavu wa Dodoma, ambayo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, unaifaa mizabibu kuliko unyevu wa Pwani. Wakulima huko huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu inayojulikana kwa jina la Makutupora imekuwa alama ya mkoa. Waitalia walirejea katika miaka ya 2000, safari hii kama wawekezaji, kupitia kiwanda cha CETAWICO kilichojengwa Hombolo.

Lakini zabibu iliyoiva nayo haingoji. Wakulima wa Dodoma wamelalamika mara kwa mara kwamba viwanda havina matangi ya kutosha kupokea mavuno, hivyo zabibu huozea shambani au huuzwa kwa bei ya kutupa. Serikali ya Tanzania imejaribu kuwasaidia kwa kutoza ushuru mdogo mvinyo unaotokana na zabibu za nchini.

SAA ZA SHERIA

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 ilifungua mlango wa kuhalalisha pombe za kienyeji kwa leseni. Utoaji wa leseni sasa ni jukumu la kaunti. Hata hivyo, sheria hiyo iliweka saa za baa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi.

Masharti hayo yanaifaa bia, ambayo hungoja katika chupa. Mnazi uliogemwa alfajiri ukifunguliwa saa kumi na moja jioni huwa umekwisha kugeuka. Muuzaji hubaki na njia mbili: kuuza mapema na kukimbizana na polisi, au kuuza mnazi mkali kuliko ule aliokusudia mgema.

Kuna hatari ya kweli ambayo serikali haiwezi kuipuuza. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mnazi haupikwi kwa mvuke kama chang'aa, lakini nao unaweza kuwadhuru wanywaji ukitiwa dawa au ukichukuliwa kwa mitungi michafu.

Yapo pia maoni yanayostahili kuheshimiwa. Waislamu wa Mombasa hawaunywi kwa kuwa dini yao huharamisha vileo, na wazazi wengi hawataki mangwe karibu na shule. Kwa upande wa Wamijikenda, mnazi una nafasi yake katika arusi, matanga na matambiko.

Njia za kuuongezea mnazi uhai zinajulikana. Unaweza kupashwa joto na kutiwa chupani, ingawa ladha hubadilika kidogo. Sri Lanka hufanya hivyo, na utomvu huo huo hutumiwa kutengeneza siki na sukari, bidhaa ambazo hata asiyekunywa pombe huzinunua. Nalo jina linaweza kulindwa, kwani Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja inayotaja mahali bidhaa inakotoka.

Kinachohitajika ni wagema kuungana katika chama chenye masharti, kipimo na mkaguzi wake, na kaunti za Kilifi na Mombasa kukubaliana juu ya leseni na saa zinazoendana na kinywaji chenyewe. Bila hayo, mtungi utaendelea kuingia Magongo bila jina, na mgema ataendelea kuuuza kwa haraka kwa bei anayopewa.