Seli shina: Mzozo wa nani alipie utafiti

MTU anayeugua kisukari cha aina ya kwanza hujidunga insulini kila siku, maisha yake yote. Kinga ya mwili wake imeziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na akikosa dawa kwa siku chache tu maisha yake huwa hatarini. Je, daktari hawezi kumpa seli nyingine?

Swali hilo, pamoja na mengine kama hayo kuhusu ugonjwa wa Parkinson na majeraha ya uti wa mgongo, ndilo lililowagawanya wanasiasa wa Marekani kwa miaka mingi.

Mwaka 1998, mtafiti James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kuwa amefaulu kutoa seli shina kutoka kwa viinitete vya binadamu. Hizi ni seli ambazo bado hazijajitwika kazi maalumu. Zaweza kugeuka kuwa za moyo, neva au kongosho. Viinitete vyenyewe, vya siku chache tu, vilikuwa masalio ya matibabu ya kutungisha mimba maabarani. Lakini kupata seli hizo humaanisha kukiharibu kiinitete, na kwa wanaoamini kuwa uhai huanza mimba inapotungwa, huko ni kuua.

Wengi hudhani kwamba serikali ya Marekani ilipiga marufuku utafiti huo. La, hasha. Kilichozuiwa ni pesa za mlipa ushuru. Tangu 1996, kifungu kinachoambatanishwa na sheria ya bajeti kinakataza pesa za serikali kuu kutumiwa katika utafiti unaoharibu viinitete. Thomson alitumia pesa za watu binafsi.

Agosti 9, 2001, Rais George W. Bush alikubali kufadhili utafiti, lakini kwa seli zilizokuwa zimekwisha kutolewa kufikia siku hiyo pekee. Nasaba zaidi ya 60 za seli zilitajwa. Zilizowafikia watafiti hatimaye ni 21 hivi.

Maabarani mambo yakawa vioja. Mtafiti aliyepokea pesa za serikali hakuruhusiwa kuzitumia hata kwa darubini itakayotazama seli zisizoidhinishwa. Wengine walibandika alama kwenye vifaa ili visichanganywe. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Douglas Melton, ambaye mwanawe alikuwa na kisukari, alitegemea ufadhili wa kibinafsi na mnamo 2004 akatangaza nasaba mpya 17.

Mzozo haukufuata vyama wala misimamo ya kawaida. Seneta Orrin Hatch, mpinzani mkubwa wa uavyaji mimba, aliunga mkono ufadhili. Nancy Reagan, ambaye mumewe, Rais wa zamani, aliugua Alzheimer, alifanya vivyo hivyo. Congress ilipopitisha mswada wa kulegeza masharti mwaka 2006, Bush aliukataa kwa kura ya turufu, ya kwanza katika utawala wake. Jimbo la California halikungoja: mnamo 2004 wapigakura wake waliidhinisha dola bilioni 3 za kufadhili utafiti huo.

Barack Obama aliondoa masharti ya Bush Machi 2009. Mwaka uliofuata jaji mmoja akasimamisha ufadhili, mahakama ya rufaa ikaurejesha, na kesi ikafika tamati mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza. Wakati huo Shinya Yamanaka wa Japani alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba seli za kawaida za ngozi zaweza kurudishwa kuwa kama seli shina, bila kiinitete. Alituzwa Nobel mwaka 2012.

Na wagonjwa je? Mwaka 2014 maabara ya Melton ilieleza jinsi ya kugeuza seli shina kuwa seli za insulini. Katika majaribio ya tiba iliyotokana na kazi hiyo, yaliyochapishwa 2025, wagonjwa 10 kati ya 12 waliopewa dozi kamili hawakuhitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Ni wachache, tena lazima wameze dawa za kudhoofisha kinga ya mwili, ambazo hufungulia mlango maambukizi.

Kile kifungu cha 1996 nacho kimekuwa kikirudishwa katika bajeti mwaka baada ya mwaka. Hata amri ya Obama haikukigusa: pesa za umma ziliruhusiwa kuchunguza seli, mradi mwingine awe amelipia kuzitoa.