Bao: Nyumba haivunjwi kwa papara

Shabiki wa soka anaujua uchungu wa timu inayomiliki mpira dakika 90, halafu inapigwa kwa shambulizi moja. Kwenye mabaraza ya Bagamoyo, uchungu huo upo pia kwenye bao.

Ubao una mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Kete 10 zinaanzia ubaoni, 22 zinabaki mkononi na kuingizwa moja moja. Roho ya mchezo ni nyumba, lile shimo linaloanza na kete sita. Ukila, kete ya mwisho ikatua humo na bado zimo sita au zaidi, hiari ni yako: utulie, au uivunje usafiri.

Chipukizi huvunja mapema, kete zikatawanyika mbele, mpinzani akazila shimo kwa shimo. Mkongwe huilimbikiza. Lakini akiona mwenzake amejipanga kuila, nafasi ya kwanza ya safari haiachi. Nyumba ikiliwa, mechi imeinama.

Tena usidanganyike na kete zilizojazana nyuma. Mstari wa mbele ukibaki mtupu, umefungwa, hata kama nyuma zimo 20. Huku hakuna dakika za nyongeza.