Kabla ya Mtoto, Tazameni Tarehe ya Deni

Mume na mke wanapokaa kupanga mtoto wa kwanza, madeni yao huhesabiwa kwa jumla: tunadaiwa elfu themanini, tunadaiwa laki na nusu. Jumla hiyo huogofya, na wengi huanza kuhangaika na deni lililo kubwa kuliko yote. Kwa mji kama Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, naona hapo ndipo hesabu inapokosewa. Nyumba inayosubiri mtoto huumizwa na tarehe ya deni kuliko ukubwa wake. Deni la shilingi 60,000 linalolipwa mara moja baada ya mavuno linaweza kuishi na mtoto mchanga bila kuwanyima wazazi usingizi. Deni la shilingi 3,000 linaloiva kila baada ya wiki mbili haliwezi.

Sababu ni namna pesa zinavyoingia. Sehemu hizi za Makueni na Kitui ni kavu, na mvua ambayo mkulima anaitegemea hasa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu na kunde zilizopandwa wakati huo huvunwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo pesa ya shamba huja kwa mkupuo. Miezi inayobaki nyumba huendeshwa na kibarua, boda boda, meza ya matunda, kibanda cha chai ya madereva wa malori, na kile ambacho ndugu walio Nairobi au Mombasa wamekumbuka kutuma. Mapato hayo yana mapengo tayari, na mtoto huyapanua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba wiki mbili. Mama mboga hana mwajiri wa kumlipa siku ambazo hakufika sokoni. Akifunga meza wiki sita, mapato yake nayo yamefungwa wiki sita, huku wenye kumdai wakiendelea kuhesabu siku kama kawaida.

Tuiangalie basi mikopo yenyewe kwa jicho hilo la tarehe. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza Novemba 2012, imejulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, ushuru kando. Anayekopa 4,000 hulipa ada ya 300. Si nyingi, na kwa dharura ya siku chache ni msaada wa kweli. Lakini wengi hulipa leo na kukopa tena kesho, kwa sababu kulipa kumemaliza pesa ya matumizi. Anayezungusha 4,000 hiyo kwa miezi 12 ametoa ada ya shilingi 3,600, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa 4,000 ileile. Hiyo 3,600 ndiyo hasa mchango wa chini kabisa wa mwaka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya. Kwa hiyo ziko nyumba zinazosema hazina pesa ya bima, nazo zinailipa kila mwaka bila kujua, ila inakwenda kwingine.

Hazina ya Hustler ya serikali, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka. Ni nafuu kweli. Shida ni kwamba mkopo wake wa mtu binafsi ulipewa siku 14 za kulipa, na ndengu huchukua miezi miwili au mitatu tangu kupandwa. Anayeuza bidhaa kila siku anaweza kuzungusha pesa hiyo na kurudisha. Anayenunulia mbegu atalazimika kukopa mahali pengine ili alipe, na huko pengine riba haitakuwa asilimia 8. Pikipiki ya mkopo ni kali zaidi, kwa kuwa marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, na ukikosa, chombo kinachotafuta riziki ndicho kinachochukuliwa.

Halafu kuna Fuliza, huduma ya kutumia zaidi ya salio la simu iliyoanza Januari 2019, ambayo watu hawaihesabu hata kama deni. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako hukatwa kwanza. Tufikirie mama aliyeanza uchungu usiku na anahitaji gari la kumpeleka hospitalini Makindu. Mume yuko safarini na anamtumia 1,500. Mama alikuwa na Fuliza ya 1,100 aliyonunulia unga na mafuta ya kupikia. Ujumbe unaingia, na salio halifiki hata 400. Hakuna mtu aliyewadhulumu, mkataba ndivyo ulivyo. Lakini ndiyo sababu nasema deni dogo la namna hii lifutwe kabla ya deni lolote kubwa, na pesa ya uzazi ikae kwenye laini isiyodaiwa chochote.

Kabla hata ya kuanza kufuta madeni, mchango wa SHA uje kwanza. Ushauri huu utawashangaza waliofundishwa kwamba mtu alipe madeni ndipo aweke akiba. Tangu SHA ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, viwango vilivyotangazwa ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Upasuaji hautoi taarifa mapema, na asiye na bima ataulipia kwa mkopo wa haraka, ambao ndio mkopo mbaya kuliko yote. Watu wa Makueni wanajua faida ya kulipa kabla ya kuugua: mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha MakueniCare, ambapo kaya ilitoa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti.

Mtu makini wa hesabu atanipinga. Atasema chama cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia kumi kwa mwezi ni ghali kuliko benki, na akili inataka deni ghali lilipwe kwanza. Kwenye karatasi yuko sahihi, na kama pesa ipo, deni hilo lipunguzwe. Ila chama kina masikio. Mwenyekiti akielezwa mapema, mimba ikiwa bado changa, kikundi kinaweza kukubali mama alipe riba tu kwa miezi mitatu, kwani chimbuko la vyama hivi ni mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi. Mfumo wa simu hauelezwi chochote. Hata hivyo uvumilivu wa chama usigeuzwe kichaka cha kujifichia, maana waliokudhamini ni majirani, na usipolipa wao ndio watakaokatwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo husemwa na wazee: mtoto huja na riziki yake. Sitaki kulidharau. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana, na anayengoja amalize madeni yote ndipo azae, katika ardhi hii, huenda asizae kabisa. Wala sisemi wangoje. Deni la shamba, la mabati, hata la ntheo, mbuzi wa mahari ya Wakamba, ambalo bwana harusi bado analilipa, yanaweza kuendelea mtoto akiwapo, mradi yana tarehe ndefu na kiasi kinachojulikana. Yanayopaswa kuisha ni machache, tena madogo, na miezi sita ya bidii inaweza kutosha.

Kuna wanaoogopa kitu kingine, kwamba kuonyeshana simu kutaleta ugomvi. Huenda ukaleta. Mikopo ya simu hukopwa kimya, gizani, bila mdhamini wala shahidi, na kwa hiyo mume na mke wanaweza kulala kitanda kimoja miaka mitatu bila kujua kila mmoja anadaiwa nini. Lakini sheria haiwatenganishi kama wanavyojitenga wao: kifungu cha 10 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 kinasema deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa ni la wote wawili kwa usawa. Unga ulionunuliwa kwa Fuliza uliliwa na wote. Afadhali ugomvi wa jioni moja kabla ya mimba kuliko ugunduzi wa mwezi wa nane, mama akiwa hawezi kubeba debe la maji.

Wala tatizo hili si la uvivu wa watu wa Kambu. Utafiti wa kitaifa wa FinAccess ulionyesha kwamba Wakenya wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walipanda kutoka asilimia 75.3 mwaka 2016 hadi 83.7 mwaka 2021, huku wenye afya nzuri ya kifedha wakishuka kutoka 39.4 hadi 17.1. Korona na ukame vilichangia, bila shaka. Hata hivyo takwimu hizo zinatosha kuonyesha kwamba mlango wa mikopo unaweza kufunguka zaidi na maisha yasitulie.

Mimba haipangwi kwa kalenda ya mvua, ila deni linaweza kupangwa, na mavuno ya ndengu ndiyo nafasi bora ya mwaka. Wakati huo madalali hufika hadi shambani, na bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Mwenye mkopo unaoiva Ijumaa atauza Alhamisi kwa bei yoyote. Waliofuta mikopo ya siku 14 na ya siku 30 wanaweza kuuza gunia moja la kulipia SHA, kisha wakazihifadhi ndengu zilizobaki katika magunia yasiyopitisha hewa, ambayo huzuia fukusi bila dawa, hadi ghala za wengine zitakapokuwa tupu na bei imepanda.